Maelfu ya Miaka

Lebo ile niliiandika mimi. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani huko mbele kwamba nilikuwa mpita njia aliyekuta kosa la watu wengine.

Tangu mwaka wa kwanza chuoni rafiki yetu mmoja tulimwita Mama Unga, kwa kuwa katika bweni zima ni yeye peke yake ambaye hakukosa kiroba cha unga chini ya kitanda, hata mwisho wa muhula, boom likiwa limekwisha na sisi wengine tumehamia kwenye chai ya rangi. Alimaliza shahada, akazungusha bahasha maofisini miaka miwili, akachoka. Akaanza kusaga dona. Mahindi ananunua Tandale, anayachambua na mdogo wake sebuleni mpaka punje iliyooza haionekani, anayasaga bila kukoboa kwenye mashine ya mzee mmoja Manzese, kisha anayapakia kwenye mifuko ya khaki ya kilo mbili. Kilichobaki kilikuwa maneno ya kuandika juu ya mfuko.

"Wewe si ndiye mwanahistoria?" aliniambia. "Niandikie kitu kifupi. Kitu chenye mizizi."

Niliandika ndani ya daladala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba: "Unga wa mababu. Umesagwa mzima, kama walivyosaga bibi zetu kwa maelfu ya miaka." Nikamtumia. Akajibu kwa vimoyo vitatu. Wiki iliyofuata lebo 500 zilikuwa zimeshachapwa Kariakoo.

Jumamosi ya kwanza ya meza yake tulikwenda wanne: yeye mwenyewe, mimi, Mhasibu, ambaye kweli ni mhasibu, na Dokta, ambaye ni mfamasia lakini nyumbani kwao wameshakata shauri. Soko hilo hufanyika upande ule wa jiji unaotazama bahari, penye kuta ndefu zilizofunikwa na maua, chini ya mahema meupe yaliyopangwa kama ya harusi. Hakuna mpiga debe. Hakuna anayekushika mkono akikuita "dada yangu, njoo nikupe bei ya asubuhi". Watu wanatembea polepole na vikapu vya ukili, wanaonja kwa vijiti, wanatikisa kichwa kwa heshima. Kulikuwa na mikate ya chachu iliyolala siku mbili kabla ya kuokwa, jibini ya maziwa ya mbuzi, asali ya nyuki wadogo kwenye chupa za dawa, chokoleti ya kakao ya Kyela, vanila ya Kagera, siagi ya korosho, na achari ya ndimu ambayo Dokta aliionja mara nne mpaka muuzaji akaanza kumwangalia.

Mapema tu niligundua kwamba pale kitu hakiuzwi bila hadithi. Mama wa jibini ana hadithi ya mbuzi wake, kila mmoja na jina. Kijana wa kahawa anakueleza mteremko wa Mbinga ilikochumwa na mvua ya mwaka ule. Kariakoo ukimuuliza muuza nyanya hadithi ya nyanya zake atadhani una jambo. Huku hadithi ndiyo nusu ya bei, na Mama Unga alikuwa amelijua hilo kabla yetu sote. Mfuko wa kilo mbili aliuandika shilingi 9,000. Mtaani kwetu Sinza sembe ya uzito huohuo ilikuwa haijafika nusu yake.

Mhasibu ndiye aliyecheka kwanza. Alishika mfuko, akaugeuza, akausogeza puani. "Miaka minne ya bweni nimekula hiki kitu kwa kulazimishwa," alisema. "Dona na maharage ya wadudu, Jumatatu mpaka Jumapili. Nikaapa siku nikipata hela yangu sitakigusa tena. Leo nakifungia watu kwa elfu tisa." Na ni kweli. Kwa kizazi cha wazazi wetu, na kwa sisi tuliopita shule za bweni, dona lilikuwa chakula cha wasio na hiari: wanafunzi, vijana wa JKT, wafungwa. Sembe nyeupe ilikuwa ya mgeni. Mama yangu mpaka leo mgeni akipiga hodi huficha dona kwanza ndipo afungue mlango.

Kufika saa nne tulikuwa tumeuza mifuko kumi na saba. Wanunuzi walikuwa wa aina mbili: wageni wanaoishi upande huo wa jiji, na Watanzania wa umri wetu au kutuzidi kidogo, wenye viatu vya kukimbilia, waliosikia kutoka kwa daktari au simu zao kwamba wanga mweupe si mzuri. Lipa namba ilikuwa inalia kila baada ya dakika chache, na Mama Unga kila ikilia alikuwa anaminya midomo asicheke mbele ya wateja.

Ndipo akaja mzee mmoja, kofia ya kiua kichwani, chupa ya achari kwapani. Tukamwamkia, akaitikia marahaba moja ya sisi wote wanne. Alivua miwani, akasoma lebo, akavaa miwani, akaisoma tena.

"Haya ni mahindi?"

"Ndiyo baba," Mama Unga akajibu. "Mahindi matupu, hayajakobolewa, yana virutubisho vyote."

"Virutubisho sina ugomvi navyo. Nauliza huyu bibi wa maelfu ya miaka. Alikuwa anaishi Meksiko?"

Alisema bila ubaya. Alicheka, akanunua mifuko miwili, akaomba risiti. Mama Unga alicheka naye bila kuelewa. Mimi nilielewa, nikainama chini ya meza kana kwamba natafuta mifuko.

Mahindi si ya huku, na hilo linajulikana kwa mtu yeyote aliyekaa darasa moja na historia ya kilimo. Yalianza kulimwa katika nchi ambayo leo ni Meksiko, miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Upande wetu wa dunia hayakuwa na njia ya kufika kabla Columbus hajavuka Atlantiki mwaka 1492. Wareno ndio wanaotajwa kuyaleta katika pwani za Afrika, karne ya 16. Kwa hiyo bibi wa kwanza kutwanga hindi katika ardhi hii hazidi miaka 500, na bibi wa bara ni mdogo zaidi. Jina lenyewe limebaki na kidole kinachoonyesha ng'ambo. Yaelekea watu wa pwani, waliozoea kuona merikebu za kutoka Bara Hindi, walikipa kitu kigeni jina la ugeni waliokuwa wakiujua, wakakiita muhindi.

Maelfu ya miaka ni ya nafaka nyingine: mtama, uwele, ulezi. Wanaakiolojia waliochekecha udongo wa vijiji vya kale vya Pemba walikuta punje za uwele zilizoungua, kisha, kuanzia kama karne ya 11, mpunga ukianza kushika nafasi. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuja Kilwa, alilishwa wali uliopikwa kwa samli, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, akaona watu wale ni walaji hodari kweli. Hindi hakulitaja, na asingeweza.

Haya yote nilikuwa nayajua siku nilipoandika lebo. Hilo ndilo lililoniuma. Mwalimu wetu mmoja wa mbinu za utafiti husema kwamba uongo wa kihistoria mara nyingi hautungwi na mtu mwenye nia mbaya, unatungwa na mtu mwenye haraka. Mimi nilikuwa na haraka ya kushuka Mwenge.

Jioni ile, mifuko imebaki minane tu, tulipanda mwendokasi, tukashuka Gerezani kwenda kununua khaki nyingine. Mama Unga alikuwa anaelea. Mhasibu alikuwa anapiga hesabu kwa sauti. Tukapita pembeni ya jengo la soko, lile la Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika nchi zetu hizi, ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975, paa lake kama miavuli iliyopinduliwa ili mvua inywewe badala ya kumwagika. Liliungua Julai 2021, na tangu hapo Kariakoo haijawahi kuwa ileile, ingawa kelele hazikupungua hata siku moja. Nikasema, kwa mazoea tu ya mtu wa historia asiyejua kunyamaza, kwamba mahali hapa pana jina la jeshi.

"Jeshi gani?" Dokta akauliza. Amezaliwa Ilala, amekulia Ilala, hakuwahi kuambiwa.

Nikawaeleza tukiwa kwenye foleni ya duka la mifuko. Kabla ya vita ya 1914 Wajerumani walikuwa wamejenga soko hapa. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam, tarehe 4 Septemba 1916, eneo hili wakalifanya kambi ya wapagazi wao. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo ya watu ikakisaga, kikatoka Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, soko vilevile, kwa sababu hiyohiyo. Vita ile huku kwetu haikuwa na barabara. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, magari yalizama matopeni, kwa hiyo risasi, mahema, mizinga na chakula vilikwenda juu ya vichwa vya watu, mtu mmoja kilo ishirini na tano au zaidi, mamia ya maili. Waingereza peke yao wanakadiriwa kutumia wapagazi wapatao milioni moja. Hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 95,000, na wanahistoria wengi wanaiona ni ndogo. Wajerumani nao walikuwa na wao. Pale kwenye mzunguko wa Samora, sanamu ya askari ya mwaka 1927 imeshika bunduki yenye singe. Mpagazi hayupo juu, yumo kwenye maandishi ya chini.

"Walikufa kwa risasi?" Dokta tena.

Hapo nilianza kujibu, nikasimama katikati ya sentensi, kwa sababu jibu lilikuwa mikononi mwetu. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa ya mapafu na malaria, na moja ya sababu kubwa za kuhara ilikuwa chakula. Geoffrey Hodges, aliyeandika kitabu kizima juu ya wapagazi hawa mwaka 1986, anarudi kwenye posho tena na tena. Watu waliochukuliwa kutoka nchi za ndizi, za wali, za mtama, walipewa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa ovyo, mzito, wenye vipande. Unga wa namna hiyo unataka sufuria, kuni kavu na muda wa kutosha motoni. Mtu aliyetembea kutwa na mzigo kichwani, akafika jioni kwenye mvua, hana hata kimoja. Walikula ukiwa haujaiva. Matumbo yakakataa. Baadaye wakubwa wa kikosi walijifunza, wakaweka wapishi na kubadilisha posho, lakini walijifunza kwa gharama ya watu.

"Yaani," Mhasibu alisema polepole, "dona."

Muuza duka akatuuliza kama tunataka khaki za kilo mbili au za kilo moja.

Usiku nilimpigia babu. Yuko Mvumi, mkoa wa Dodoma. Amepita miaka themanini, na simu anaishika mbali na sikio kana kwamba inaweza kumng'ata. Huniita mke wangu, kama babu wa kwetu wanavyowaita wajukuu, na lazima kwanza niulizwe kama nimekula, nimekula nini, na kama mume mwenzake ameshapatikana huko mjini. Nikamweleza habari ya unga wa rafiki yangu. Nikadhani atafurahi kwamba vijana wanauza chakula cha asili.

"Cha asili ya nani?" alisema. "Mke wangu, mahindi ni chakula cha kubebea mizigo."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akarudia. Ni maneno ya baba yake, alisema. Baba yake alikuwa kijana ambaye hajaoa Waingereza walipoingia Dodoma, Julai 1916. Mwaka uliofuata wakamchukua. Alitembea mpaka pwani, na huko, kabla ya kupangiwa safari ya kusini, akapewa kibati cha namba cha kuvaa shingoni. Mahali alipopewa kibati aliendelea kupataja maisha yake yote. Ndipo babu akalitaja jina la lile soko ambalo nilikuwa nimetoka masaa matatu yaliyopita, mifuko mia mbili ya khaki mgongoni.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia. Nimeandika kurasa thelathini juu ya kazi za kulazimishwa katika Tanganyika ya Waingereza, nina maelezo ya chini sitini na mawili, na hakuna hata moja lililonipeleka kwa babu. Sikuwahi kumuuliza. Yeye hakuwahi kusema, kwa sababu, kama alivyonijibu nilipolalamika, "ulikuwa unasoma."

Baba yake alirudi. Wengi aliotoka nao kijijini hawakurudi. Lakini nchi aliyoirudia haikuwa ile aliyoiacha, maana alirudia mtunya. Ndivyo Wagogo walivyoiita njaa iliyoanza 1917 ikafika mpaka 1920. Mvua zilikosekana, hilo Ugogo si jipya. Jipya lilikuwa kwamba majeshi mawili yalikuwa yamepita moja baada ya jingine, kila moja likichukua ng'ombe, likichukua nafaka ya vihengeni, likichukua vijana ambao wangelima. Juu yake ikaja homa kali ya mafua ya 1918. Gregory Maddox, aliyeifanyia utafiti njaa hiyo, anakadiria kwamba katika watu 150,000 wa Ugogo walikufa 30,000. Mtu mmoja katika kila watano. Mathias Mnyampala, mshairi, ambaye baadaye aliandika historia na desturi za Wagogo, alizaliwa Ugogo mwaka huohuo wa 1917. Nimekuwa na kitabu chake tangu kidato cha tano, na sikuwahi kuutazama mwaka wa kuzaliwa wa mwandishi nikaulizia nani alikuwa anampikia mama yake.

Baba yake babu hakula tena ugali wa mahindi. Wake zake walipika uwele, mwaka mzuri na mtama, na mlenda. Ikiwa hakuna uwele alikunywa maziwa akalala. Watu walimwona ana maringo. Babu mwenyewe, alipokuwa mtoto na mahindi yameshazoeleka vijijini, alikuwa anakwenda kula kwa jirani kwa siri kama mtu anayekwenda kuvuta bangi.

"Na wewe je, babu? Mbona unakula?"

Akacheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa fundi wa reli Dodoma mjini, na mjini hukuwa na hiari. Unga ulikuwa wa NMC, Shirika la Taifa la Usagishaji, na ulikuwa sembe. Hapa babu alinipa mhadhara ambao nimeusoma vitabuni kwa lugha kavu zaidi. Ukame wa 1973 mpaka 1975 ulikuja wakati watu wanahamishiwa kwenye vijiji vipya. Ghala la taifa likawa tupu, nafaka ikaagizwa kutoka nje. Serikali ikaibeba bei ya sembe kwa ruzuku ili mfanyakazi wa mjini aishi, na mfanyakazi wa mjini akazoea kwamba ugali ni mweupe na ni laini. Mkulima wa mtama hakuwa na ruzuku ya namna hiyo. Kwa hiyo wakati mkoa wa ukame kama wetu ulikuwa unahimizwa kwenye mikutano ulime mtama na uwele, sahani za mjini zilikuwa zinahimizwa kitu kingine, na sahani ndiyo ilishinda. Ruzuku iliondolewa mwaka 1984. Ulimi haukurudi.

Kati ya hapo kulikuwa na foleni, na kulikuwa na mahindi ya njano ya msaada, yaliyokuja yamesafiri bahari nzima kutoka Marekani, kana kwamba yanaifuata ile njia ya kwanza. Watu wakayaita unga wa Yanga kwa rangi yake. "Mimi Simba wa damu," babu alisema, "lakini mwaka ule niliila Yanga asubuhi na jioni."

Nilimwambia Mama Unga keshoye, Jumapili, nyumbani kwao, tukiwa tumekaa sakafuni tunapaka gundi. Nilidhani nitamweleza kwa upole. Nilimweleza kama mtu anayetapika: Meksiko, kambi, kibati, mtunya. Mdogo wake aliacha kufanya kazi akawa anasikiliza. Yeye hakuacha. Nilipomaliza alibandika lebo nyingine, akaisawazisha kwa kidole gumba.

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Tubadilishe maneno."

"Lebo 500 nimelipia. Zimebaki 300 na kitu. Wewe utanirudishia?" Sikuwa na hela hiyo na alijua. "Na tubadilishe tuseme nini? 'Unga uliowaharisha wapagazi, sasa kwenye mfuko mzuri'?"

Dokta, aliyekuwa amelala kwenye kochi, aliguna kicheko, akatazamwa na sisi wote wawili, akanyamaza.

Tukajaribu kweli. Kwa saa nzima tulijaribu kuandika sentensi moja ambayo ni ya kweli na inauza unga. "Unga wa miaka 500" ilisikika kama umechina. "Kama walivyosaga bibi zetu" peke yake haikusimama pia, kwa sababu bibi zetu, mara walipopata hela ya mashine, walikoboa. Kutwanga hindi, kuliloweka, kulianika na kulitwanga tena mpaka liwe jeupe ilikuwa kazi ya wanawake kwa siku tatu, na hakuna bibi aliyeililia mashine ya kukoboa ilipofika. Mhasibu alipendekeza "Unga wa shule", na nadhani hilo lilikuwa jina bora kuliko yote, lakini Mama Unga alisema hauzi kumbukumbu za wadudu. Mwishowe alikasirika. Alisema, na simlaumu, kwamba historia yangu haijawahi kulipia kodi ya chumba. Alisema pale sokoni mama wa jibini hakuulizwa mbuzi walitoka wapi, wala muuza chokoleti kakao ilitoka bara gani. Kweli, kakao nayo ni mgeni kutoka Amerika kama mahindi, na vanila pia. Meza nzima ya asili ya Afrika ilikuwa imejaa watu waliokuja juzi.

"Sisi wenyewe tumekula haya mahindi tangu tunyonye," alisema. "Kama si yetu, ni ya nani?"

Sikuwa na jibu la hilo, na bado ninalitafuta. Nikimtazama babu, ambaye baba yake aliyakataa na yeye akayala kwa siri, kisha akayala kwa foleni, na leo akikosa ugali wa mahindi siku mbili anasema ameumwa, siwezi kusema si yake. Nilichoweza kusema ni kitu kidogo zaidi: kwamba maelfu ya miaka hapana. Uongo ule nilikuwa nimeuandika mimi, na nilitaka kuufuta mimi.

"Futa," alisema. "Kwa mkono wako. Mimi sitagusa."

Nilinunua kalamu mbili nyeusi nene kwenye duka la vifaa vya shule. Zilikuwa lebo 312. Kwa siku nne, usiku, kwenye chumba changu cha Sinza, nilipitisha mstari juu ya maneno matatu ya mwisho, moja baada ya nyingine, rula chini ya mkono ili mstari usipinde, kwa kuwa Mama Unga alikuwa amesema kama zitaonekana chafu atanidai. Katikati ya usiku wa pili kalamu ya kwanza ilikauka. Sura ya tatu ya tasnifu ilikuwa inasubiri mezani. Kwenye daftari la pembeni niliandika jina la baba yake babu, na chini yake maswali ya kumuuliza babu likizo, kabla sijasahau: kibati kilienda wapi, nani alirudi naye, njia gani walipita.

Babu nilimtumia hela anunue uwele. Akanipigia kunishukuru, akasema amenunua sembe, meno yake hayawezi tena uwele, na salio ameweka vocha.

Jumamosi iliyofuata tulirudi chini ya mahema meupe. Mama Unga alikuwa bado ananinunia kidogo, ananiita "mheshimiwa" kila akitaka nimpitishie mfuko. Alikuwa ameongeza kitu kipya mwisho wa meza, vifuko vya nusu kilo vya unga wa uwele na wa mtama, bila lebo kabisa, vimefungwa kwa uzi. Wa uwele aliuuza ghali zaidi ya dona. Hakunieleza, nami sikuuliza.

Saa tatu na nusu msichana mmoja wa rika letu, mkeka wa mazoezi begani, alichukua mfuko wa dona, akasoma, akapitisha ukucha juu ya ule mstari mweusi kama mtu anayekwangua vocha.

"Samahani dada," alimwambia Mama Unga, "hapa kulikuwa kumeandikwa nini?"

Mama Unga hakuinua macho kwenye mizani. Alinyoosha kidole upande wangu.

"Muulize huyo. Ndiye aliyefuta."